Jemadari Aliyebisha Hodi kwenye Mitungi

Kufika mlango wa buluu wa mama mkwe lazima upite mbele ya benchi, hakuna njia nyingine, na siku hiyo mama yule kijana hakuwa na hamu ya kupita mbele ya mtu yeyote, mtoto begani, mfuko wa nepi mkononi, kipande cha kitabu kwapani, roho juujuu. Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya miguu minne, limekaliwa hadi linang'aa kama kipara. Zamani lilikuwa linayumba mpaka kahawa inanywewa na magoti, siku hizi limetulia tuli, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Mwisho wa kushoto hukaa Sindano, fundi viatu, baba mdogo wa mumewe, huku akigonga visigino. Mwisho wa kulia hukaa Wembe, kinyozi, ambaye mlango wa kibanda chake uko hatua tatu kutoka hapo, hatua tatu ambazo humchukua nusu saa kuzipiga. Katikati, birika la kahawa likiwa ubavuni mwake kama mke wa pili, hukaa Faili, karani mstaafu, ambaye hakuna jambo duniani asilolijua tarehe yake, ila tarehe yenyewe huwa si ile. Na mchana huo alikuwepo mgeni, taulo shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na upande wa pili bado msitu, anamsubiri Wembe amalize hoja arudi kazini.

—Mimi nasema, alikuwa anasema Wembe, mkasi ukikata hewa, wajukuu wa wajukuu zetu hawatamkumbuka Mfalme hata chembe. Watamkumbuka Jemadari.

—Jemadari gani? Faili akauliza.

—Yule anayebisha hodi kwenye mitungi.

—Kwangu hayupo.

—Kwako atakuwepo vipi na wewe una kipande cha pili? Yuko kwangu, cha nne.

—Samahani, akasema mgeni, kipande cha nne cha nini?

Wote watatu wakamgeukia kwa furaha, maana hakuna kitu wanachopenda kama mtu asiyejua.

—Cha Kitabu Kinene, bwana, akasema Faili. Kurasa mia tisa. Majoka, vita, Mfalme Asiye na Kivuli, Malkia wa Nyuki, kila kitu. Kilitufikia bila jalada. Sasa watu watatu, kitabu kimoja, mtafanyaje?

—Mnasoma kwa zamu?

—Zamu! Zamu ni ya wagonjwa. Huyu Sindano akachukua kisu cha ngozi, akakikata vipande vinne, kila kimoja akakishona kwa uzi wa viatu na kukitia gamba. Gamba la changu mimi ni la mkoba wa mwanamke. Kina zipu.

—Kwa hiyo kila mtu anasoma…

—Kila mtu anasoma ukweli wake, akamaliza Sindano. Umoja ni nguvu.

Mama yule kijana alimhamishia mtoto bega la pili. Saa ilikuwa saba na dakika kumi. Saa nane kamili alitakiwa awe getini kiwandani, kwenye mashine yake ya kutia vifungo, likizo ya uzazi iliisha jana, na msimamizi alishamwambia kwa sauti ya upole, upole huo ndio uliomtisha zaidi, kwamba asiyefika leo mashine yake ina wenyewe wanaoisubiri. Mtoto ana siku tisini na mbili. Siku zote tisini na mbili hawajaachana zaidi ya urefu wa ua, na hata akienda kuoga hurudi na povu kichwani kuangalia kama anapumua, akishaona anapumua anaogopa kwa nini anapumua haraka hivyo, akipumua polepole anaogopa zaidi. Leo amkabidhi kwa mama mkwe, ageuze mgongo, aende. Angeweza, labda. Lakini asubuhi, akinyonyesha, alimaliza kipande cha tatu alichopewa na baba mdogo asome akiwa likizo, na mahali kilipoishia hapakuwa pazuri, hapakuwa pazuri kabisa, na tangu hapo, japo alisoma mpaka kidato cha nne na anajua fika huo ni upuuzi, ameapa moyoni kwamba mtoto hatoki mikononi mwake mpaka ajue kilichofuata.

—Shikamoo, baba mdogo. Wazee wangu, nilikuwa nataka kuuliza…

—Marahaba, mkwe wangu. Mama Kichanga, kaa ukunjue miguu. Wembe, endelea kupotoka.

—Jemadari, akasema Wembe, ana majeshi saba. Ameshinda vita vyote. Lakini akiona mtungi, popote, sokoni, kwa adui, anashuka kwenye farasi, anaubisha mara tatu, ko, ko, ko, anasikiliza, kisha anaendelea na safari. Miaka mia tatu ijayo watoto watakuwa wakiamka wanaisalimia mitungi kabla ya kusalimia wazazi.

—Watamkumbuka kama kichaa, akasema Faili. Debe tupu haliachi kuvuma.

—Huo mtungi, si debe.

—Ni ndugu.

—Nyinyi wote mmepotea, akasema Sindano, misumari midomoni. Atakayekumbukwa ni Mfalme. Kwangu mimi Mfalme ni kijana mpole, anatembea peku kurasa mia mbili nzima. Peku! Vizazi vijavyo mafundi viatu watamfanya mkuu wao. Watu watakuwa wakiapa kwa kisigino chake.

—Fundi viatu anamsifu mtu asiyevaa viatu?

—Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

—Inahusu nini hapo?

—Itahusu mbele ya safari.

—Kwangu, akasema Faili, akijiongezea kahawa, Mfalme huyo huyo ni mwizi. Ameiba ghala zima la chumvi na kumsingizia Joka.

—Mwongo!

—Fungua zipu usome! Ila nitawaambia kitu ambacho hamkijui. Mimi nimekaa ofisini miaka thelathini na moja, najua kumbukumbu zinavyofanya kazi. Mafaili mawili yakikaa kabatini muda mrefu, panya wakapita, maji yakavuja, yanashikana. Anayekuja baadaye hayatenganishi, mvivu. Anasoma kama faili moja. Basi na hawa ni hivyo hivyo. Baada ya miaka elfu, Mfalme na Joka watakuwa mtu mmoja. Mfalme mwenye mkia, aliyejiibia chumvi mwenyewe, akajifukuza, akajichoma moto.

—Na Malkia wa Nyuki? akauliza mgeni, ambaye alishasahau kichwa chake.

—Atashikana na kundi lake. Watasema hapakuwa na malkia, palikuwa na nyuki mmoja mkubwa mwenye taji.

—Wazee wangu, akasema mama yule kijana, samahani, kipande cha nne kinaanzia…

—Mtihani! Wembe akaruka. Umenikumbusha, mwanangu. Hawa watu wataingia kwenye mitihani. "Taja sababu sita zilizomfanya Malkia wa Nyuki ahame." Mtoto wa watu anaandika tano, anafelishwa. Mwalimu mwenyewe ya sita haijui.

—Watachimba, akasema Sindano. Watachimba hapa tulipokaa, watalikuta hili benchi, watalitia kwenye kioo. Wataandika: "Hapa ndipo Mfalme alipokuwa akishonewa viatu na Sindano."

—Si alikuwa peku?

—Kabla hajanijua.

—Na mimi? akauliza Wembe.

—Wewe wataukuta mkasi wako na nywele za watu nusunusu, waseme wewe ndiye ulikuwa Joka.

Mgeni alijipapasa upande wa msitu, akakumbuka, akasema kwa unyonge kwamba ana miadi, na Wembe akamwambia simba mwenda pole ndiye mla nyama, na mgeni akasema yeye hataki nyama, anataka upande wa pili, na Faili akatumia nafasi hiyo kutangaza kwamba jambo lenyewe ni kubwa kuliko wanavyodhani: siku moja watu wataamini Mfalme na Malkia walikuwepo kweli, wana makaburi na tarehe, ila hawa watatu waliokuwa wakibishana benchini ndio wataambiwa ni hadithi ya kutungwa, tena imetungwa vibaya.

—Sisi? Sindano akasimamisha nyundo. Mimi nitungwe? Nina wake… nina mke, nina kodi ya kibanda!

—Hata Mfalme alikuwa na mke.

Mtoto akakohoa. Kikohozi kidogo cha maziwa, hakina maana, lakini mama yule kijana akamweka wima, akampiga mgongoni, akamtazama puani, na alipoona hakuna kitu aligundua kwamba saa ni saba na dakika ishirini na tano, na kwamba wazee hawa wataongea mpaka mtoto aote ndevu za kunyolewa na Wembe upande mmoja. Ndipo maneno yakamtoka yote kwa pamoja, bila koma, kama mtu anayemwaga karai:

—Nani alimtoa mtoto kwenye mtungi?

Mkasi wa Wembe ukasimama hewani.

—Mtoto gani? akasema Wembe.

—Yule wa kipande changu! Mji umezingirwa, mlinda kengele amekimbia, Joka linakuja upande wa mto na watu wote wamelala mchana huo kwa njaa, hawajui, na kuna mwanamke mmoja, mwoka mikate, ana mtoto mchanga, hana wa kumwachia, anamweka kwenye mtungi mtupu wa nafaka, anaufunika na ungo, anakimbia kupanda mnara kupiga kengele yeye. Basi. Kimeisha hapo. "Akageuka mara moja tu, akakimbia." Nukta. Uzi wa viatu. Nimekichungulia mpaka ndani ya mshono. Wewe baba una kipande cha nne, niambie, alirudi? Maana mimi saa nane… mimi namwacha huyu leo, kwa mara ya kwanza, na nimesoma hivyo asubuhi hii hii, na najua ni kitabu, msinicheke, najua ni kitabu tu.

Hakuna aliyecheka. Wembe aliuweka mkasi pajani.

—Kwangu hakuna mtoto, mwanangu, akasema polepole. Hakuna mwoka mikate. Kengele ipo. Inaitwa Kengele ya Mfalme.

—Kwa nini ya Mfalme? Kaipiga yule mwanamke!

—Kwangu wanasema Mfalme ndiye aliipiga akauokoa mji. Kuna hata wimbo.

—Mfalme siku hiyo alikuwa amejificha kwenye pipa la siki! Nimesoma mimi!

—Unaona sasa? Faili akanyoosha kidole juu. Mafaili yameshaanza kushikana hata kitabu hakijaisha.

—Kipande chako kinaanzaje? akauliza mgeni.

Wembe akaingia kibandani, hatua tatu, mara hii akazipiga kwa kishindo, akarudi na kipande chake chenye gamba la soli. Akasoma: "…akabisha, kama alivyozoezwa, na askari wakacheka wote."

—Nani akabisha?

—Jemadari. Mwanzo wa sentensi sina.

Faili akavaa miwani. Hapa mtu alikuwa ameingia kwenye uwanja wake. Akachukua kipande cha tatu kutoka kwapani mwa Mama Kichanga, akachukua cha nne, akaviweka magotini, akalamba kidole.

—Cha tatu kinaishia ukurasa wa mia sita kumi na mbili. Cha nne kinaanza mia sita kumi na tano. Mabwana, kuna karatasi moja imetoroka.

Wakati huo Sindano alikuwa anagonga msumari. Msumari ulikuwa umeshaingia zamani, kisigino kimeshakubali, naye bado anagonga, macho chini, masikio yamemwiva kama pilipili.

—Baba mdogo, akasema mama yule kijana.

—Naam, mkwe wangu.

—Baba mdogo.

—Usipoziba ufa, akasema Sindano kwa kiatu, utajenga ukuta.

—Ufa gani?

—Lilikuwa linayumba! Mnakunywa kahawa kwa magoti, kila siku lawama, Sindano wewe ndiye fundi, Sindano tengeneza. Siku nilipokuwa nakata kitabu kuna karatasi moja ikabaki peke yake, haikupata mshono. Nikasema katika mia tisa, moja ni nini? Tone baharini. Nikaikunja mara nne.

Wote wakatazama chini. Chini ya mguu wa nne, ule mfupi, upande wa Wembe, palikuwa na kitu cheupe, kimebanwa, kimekuwa kigumu kama biskuti.

—Miezi miwili, akasema Wembe. Miezi miwili nakalia jibu.

—Kikulacho ki nguoni mwako, akasema Faili, na hilo kwa mara ya kwanza mwaka huo lilikaribia kuhusu.

—Inukeni! akasema mama yule kijana, na sauti iliyomtoka hakuijua, ilikuwa sauti ya mtu anayepiga kengele. Inukeni nyote!

Waliinuka wote kwa pamoja, ndilo lilikuwa kosa, maana benchi lililozoea uzito wa pande tatu liliruka kama punda, birika likapaa, likageuka, kahawa yote ikamwagikia viatu vya wateja wa Sindano, na hakuna aliyepiga kelele. Mgeni, taulo shingoni, ndiye aliyepiga magoti akaichomoa karatasi. Akaifunua mkunjo mmoja mmoja kama mtu anayevua bandeji. Katikati mguu wa benchi ulikuwa umetoboa tundu la duara, safi kabisa, unaweza kumchungulia mtu.

—Soma, akasema mama yule kijana, mimi siwezi. Hapana, nipe. Hapana, soma wewe.

Mgeni akasoma, na kumbe alikuwa na sauti nzuri ya kusomea:

"Jua lilikuwa limeshashuka aliporudi, viganja vimechubuka kwa kamba. Hakufunua ungo kwa pupa, mtoto asije akashtuka. Alibisha kwanza, mara tatu, kwa kifundo cha kidole, kama mgeni mwenye adabu. Kilio ndani kikakoma. Akainama karibu na mdomo wa mtungi, akasema: Ni mimi…" Hapa pana tundu. "…nimerudi. Na kila siku ya vita vile, alipokwenda na aliporudi, alibisha hivyo, hata mtoto akazoea kwamba mlio huo maana yake ni mama. Miaka ikapita, na Jemadari, mtoto yule yule, alipouona mtungi sokoni…"

Mama yule kijana alikaa kwenye kibao cha kazi cha Sindano kilichojaa misumari na hakuhisi kitu. Alirudi. Kila siku alikwenda, na kila siku alirudi. Mtoto alikuwa amelala begani, anapumua, si haraka wala polepole, anapumua tu kama watu.

—Kumbe si kichaa, akasema Wembe. Jemadari. Majeshi saba, mvi kichwani, na bado anabisha.

—Anamtafuta mama yake? akauliza Sindano.

—Anamsalimia, bwana. Acha kugonga hicho kiatu.

—Basi hilo ndilo litakalobaki, akasema Faili, akipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. Mfalme atashikana na Joka, chumvi itayeyuka, ila watu wataendelea kubisha vitu mara tatu wala hawatajua kwa nini. Nakana maneno yangu yote. Yafutwe.

—Saa ngapi? akauliza mama yule kijana.

—Saba na nusu na dakika tano.

Alisimama. Aliwaaga, akawashukuru, akaomba radhi kwa kahawa, yote kwa pumzi moja, na Sindano akasema maji yakimwagika hayazoleki, nenda mwanangu, nenda kazini, na safari hiyo methali ilikaa mahali pake mpaka yeye mwenyewe akashangaa. Mlango wa buluu ulikuwa ng'ambo tu ya mtaro. Alikuwa amefika kizingitini aliposikia nyuma yake sauti ya mgeni.

—Na huyo mama, jina lake nani?

—Mama gani?

—Mwoka mikate. Aliyepiga kengele.

Akageuza kichwa kidogo. Faili alikuwa ameiinua karatasi kwenye mwanga, amepitisha kidole kwenye tundu mpaka kimetokea upande wa pili, anakitazama kama vile jina limeandikwa kwenye ukucha. Wembe alipekua kipande cha nne. Sindano alipiga magoti, akauchunguza mguu wa benchi kwa chini, huenda jina limebaki limegandia huko.

—Basi tuseme hilo limeliwa, akasema mgeni. Na huyu dada mwenye mtoto, yeye jina lake nani?

—Huyo? akasema Wembe. Huyo si ndiye Mama Kichanga.

—Hilo ni jina?

—Muulize Sindano, ni mkwe wake.

—Ni mke wa… akasema Sindano. Ni mke wa mtoto wa kaka yangu. Nilikuwepo hata harusini. Nililia! Jina lake… subiri. Linaanza na…

Wakakaa chini wote watatu kwa pamoja kufikiri, na benchi likayumba.

Mama yule kijana alicheka, cheko la kwanza baada ya siku tisini na mbili, lakini hakurudi kuwaambia, hakuwa na muda. Mlango ulikuwa wazi na mama mkwe amesimama ndani, mikono tayari. Hata hivyo alisimama kizingitini, akainua kidole, akabisha kwenye ubao wa mlango karibu na sikio la mtoto. Mara tatu.

—Ebo! akasema mama mkwe. Unabisha mlango ulio wazi?

—Namzoeza, mama, akasema, akamkabidhi mtoto. Jioni nitabisha hivyo hivyo.